Mahame ya Lifta: daftari la siku sita

Jumanne, 5 Februari 2019

Tumevuka kutoka Jordan leo. Tuko watu 23, wengi wa Tanga na Unguja, na kiongozi wa ziara alikwisha kutuasa tangu Amman kwamba mpakani mtu asitie maneno. Hatukutia. Tulikaa pale kutwa, tukala biskuti, tukaswali adhuhuri kwa zamu pembeni ya mashine ya soda, na basi lilipopanda milima kuja Quds, yaani Yerusalemu, jua lilikuwa linazama. Wenzangu walilia walipoiona Kuba ya Mwamba. Mimi nilikuwa nimebanwa na haja ndogo tangu Yeriko, kwa hiyo machozi yangu yalikuwa na sababu yake.

Hoteli ni ndogo, karibu na lango la mji liitwalo Babu Zahra. Chumba nachangia na Maalim wa Pemba, mzee wa miaka 70 ambaye tayari amenieleza kwamba mimi nakoroma.

Baada ya isha nilitoka kutafuta laini ya simu. Mwenye duka, mtu wa umri wangu, akaniuliza Kiarabu changu nimekiokota wapi, maana nasema kama Mwomani. Nikamwambia ndiko kwenyewe: miaka tisa Maskati, nikiendesha lori. Akacheka, akaniwekea kiti na chai iliyotiwa majani wanayoyaita maramia. Juu ya kichwa chake ilitundikwa picha ya bonde lenye nyumba za mawe, nyingi, zimepangana mteremkoni kama watu waliokaa kusikiliza hotuba. Hakuna mtu hata mmoja kwenye picha.

"Wapi hapa?"

"Kwetu. Lifta."

"Ni mbali?"

"Treni ya mjini, robo saa. Kesho ukitaka nakupeleka."

Nimerudi chumbani, nimeandika hapa: *kesho, mahame ya Lifta*. Ndilo neno lililokuja lenyewe. Sisi wa Tanga tumekua na mahame. Kuna Tongoni na makaburi yake ya nguzo, na kule Handeni, kwa babu mzaa mama, kuna hame ambalo mgeni hawezi kulijua mpaka aonyeshwe miembe iliyosimama mstari porini.

Jumatano, 6 Februari

Tulipanda treni kwenye lango la Babul Amud. Nauli alilipa yeye. Nilipotoa pesa alinishika kifundo cha mkono mpaka saa yangu ikafunguka. Vituo hutangazwa kwa lugha tatu. Ukishapita soko la Mahane Yehuda hupiti muda unashuka kituo kikuu cha mabasi, na chini ya miguu yako, mita 80 kwenda chini, ipo stesheni ya treni mpya ya mwendo kasi iliyofunguliwa mwaka jana. Juu ni maduka ya simu, askari wa kike na wa kiume wanaonunua mikate, na wazee wa kofia nyeusi wanaokimbilia basi.

"Hapa tayari ni Lifta," akaniambia.

Nikadhani ananitania. Akanieleza taratibu: watu wengi wakisikia Lifta hufikiria lile bonde tu, lakini kijiji kilikuwa kimekwisha kupanda mpaka huku juu, kando ya barabara ya Yafa. Huku ndiko walikofungua maduka na mikahawa. Mwaka 1945 serikali ya Waingereza iliwakadiria watu zaidi ya 2,000 na ardhi ya dunumu 8,743, ambayo ni kama ekari 2,160 za kwetu. Walilima zeituni na mboga, wakachonga mawe, na mawe ya Lifta ndiyo yaliyojenga nyumba nyingi za mjini. Hawakuwa watu wa porini. Kijana wa Lifta alikuwa akitembea kwa miguu kwenda kunyolewa mjini na kurudi kabla chai haijapoa.

Tulivuka barabara kuu, tukapenya mahali palipovunjika ukingo wa chuma, tukaanza kushuka. Njia ni ya mawe, inateleza kwa mvua ya jana. Milozi imetoa maua kabla ya majani, meupe yenye wekundu kwa ndani. Nilisimama kwenye mmoja kuusoma kwa karibu, kwa sababu lozi nazijua za kwenye haluwa ya Maskati tu, na nilikuwa sijapata kuona mti wake.

Nyumba ya kwanza tuliyoingia ina ghorofa. Chini walilala mbuzi na punda na kuwekwa mitungi ya mafuta. Juu waliishi watu. Nilipima unene wa ukuta kwa mkono wangu: kutoka ncha ya kidole hadi begani, na bado haukuisha. Kizingiti kimelika katikati kwa nyayo. Dari si bapa. Ni matao manne yanayopanda kutoka pembeni na kukutana kati, mfano wa shuka iliyoshikwa pembe nne na kuinuliwa na upepo. Na pale hasa yanapokutana pana tundu. Tundu pana, la kupitisha ng'ombe, kingo zake zimechanika, na mvua ya jana imetuama sakafuni chini yake.

"Bomu la 1948?" nikauliza.

"Hapana. Hili lilikuja baadaye."

Akanipa habari yenyewe tukiwa tumesimama pale pale. Baada ya wenyewe kuondoka, nyumba hizi hazikukaa tupu. Waliwekwa Wayahudi wahamiaji kutoka Yemen na Kurdistan, watu maskini, bila umeme wala maji ya bomba, maji wakichota chemchemi kama waliowatangulia. Wengi wao wakahamishiwa kwingine miaka ya 1970 na kabla yake, na kila nyumba ilipoachwa, dari ililipuliwa tundu ili asiingie mtu mwingine. Ndiyo maana kuta zimesimama vizuri hivi na paa hazifai. Familia chache za Kiyahudi zilizobaki upande wa juu ziliondoka mwaka 2017, nazo baada ya kesi na fidia.

Hapo nikamkumbuka babu. Katika Operesheni Vijiji, serikali yetu ilipowahamishia watu vijiji vya pamoja, mwaka 1974, mgambo walipokuja Handeni hawakumpiga mtu wa kwetu. Waliezua mapaa. Babu alikuwa akisema neno hilo moja, "wakatuezulia," na kunyamaza, na sisi wajukuu tukiona ni jambo dogo, kwa kuwa paa la nyasi si kitu. Nilimsimulia mwenyeji wangu. Akaniuliza mlipelekwa mbali? Kilomita tisa, nikasema. Akatikisa kichwa akiendelea kulitazama tundu.

Nikamwambia na neno langu, mahame, nikamfasiria: mahali walipohama watu. Alilipinga hapo hapo, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulipinga mara nyingi.

"Sema *muhajjara*. Kijiji kilichohamishwa. *Hajaru*, walihama, ni wengine."

Kiswahili chetu kinaweza kabisa, kuhama na kuhamishwa, tofauti ni silabi za mwisho tu. Lakini kwenye jina la mahali tunazimeza. Tunasema hame, basi, na msikilizaji hudhani watu walifunga mizigo kwa hiari yao.

Sasa lile la barabarani, niliandike kabla halijanitoka. Azimio la Umoja wa Mataifa la kuigawa Palestina lilipita tarehe 29 Novemba 1947. Mwezi haukuisha vita vilikuwa vimeingia kwenye barabara ya Yafa, na Lifta ilikuwa imeikalia barabara hiyo mlangoni mwa mji. Tarehe 28 Desemba wapiganaji wa Kizayuni waliushambulia mkahawa wa huku juu. Watu sita walikufa, saba wakajeruhiwa. Wanawake na watoto wakaanza kuondolewa. Januari nyumba ya mukhtari, yaani mkuu, wa Sheikh Badr, kitongoji cha jirani, ikalipuliwa, na kufikia Februari kijiji kilikuwa kitupu. Tarehe 7 Februari 1948 David Ben-Gurion, kiongozi wa Wayahudi wa Palestina, aliwaambia wenzake wa chama cha Mapai kwamba mtu akiingia Yerusalemu kupitia Lifta na Romema, akapita Mahane Yehuda, akashika barabara ya King George hadi Mea Shearim, hakuti wageni njiani. Ni Wayahudi asilimia mia. Dola ya Israeli yenyewe ilikuwa haijatangazwa, ilitangazwa Mei.

Nimeisoma tena orodha hiyo ya mitaa. Kipande kikubwa ni ile njia tuliyokuja nayo na treni asubuhi, ikisomwa kutoka mwisho.

Tuliendelea kushuka. Msikiti umebaki kuta. Kando ya njia kuna uzio wa mmea wenye miiba, na mwenyeji wangu akasema "sabr." Nikatafuta shubiri, maana ndiyo ninayoijua kwa jina hilo, chungu ya kumwachisha mtoto ziwa. Akanicheka. Alikuwa akinionyesha mpungate. Akasema ukitaka kujua mahali popote nchi hii palipokuwa na kijiji cha Waarabu, hata kama pamepandwa misonobari, tafuta mpungate. Walioukata hawakujua kwamba huota upya kwenye kipande kilichoanguka. Nikamwambia kwetu ni miembe. Akaipenda hiyo.

Chini kabisa kuna chemchemi. Maji hutoka kwenye njia iliyochimbwa mwambani na kuingia birikani. Yeye ndiye aliyesema *birke*, mimi nikaitika birika, tukaangaliana. Msikitini kwetu Ngamiani birika lilikuwa la kutawadhia, kwa kata ya kifuu, na lilikuwa na rangi hii hii ya kijani. Wasomi wengi husema hii ndiyo chemchemi ya maji ya Neftoa iliyotajwa katika Yoshua 15, kwenye mpaka wa kabila la Yuda. Daftari la kodi la Waosmani la mwaka 1596 nalo linaitaja Lifta, ikitozwa ngano, shayiri, zeituni na mizabibu.

Birikani walikuwamo vijana sita wa Kiyahudi wa dini, vishungi vya nywele vikiwa vimelowa mashavuni, wakipiga kelele kwa baridi. Mmoja akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Tanzania. "Serengeti!" akajibu, akajitosa. Mwenyeji wangu hakumtazama. Alikuwa ameinama kando ya mfereji, anachuma mboga ya majani iliyoota baada ya mvua, khubeza, anaijaza kwenye mfuko wa plastiki. "Mama atanifukuza nikirudi mikono mitupu," akasema. Ndivyo alivyokaa mbele ya chemchemi ya babu zake, akichagua majani machanga na kutupa yenye madoa, na wale wanaogelea.

Nilimuuliza kwa nini kijiji hiki hakikubomolewa kama vingine. Palestina nzima vilikuwa zaidi ya 400, na karibu vyote vimesawazishwa. Hakuwa na jibu moja. Zimebaki nyumba zaidi ya 50. Kulikuwa na mpango wa kujenga nyumba za kifahari 212 na hoteli juu ya magofu. Zabuni ikatangazwa Januari 2011, watu wa Lifta wakaenda mahakamani pamoja na Waisraeli waliokuwa upande wao, na Februari 2012 hakimu akaifuta. Shirika la kuhifadhi turathi la World Monuments Fund limeiingiza Lifta kwenye orodha yao ya mwaka 2018 ya maeneo yaliyo hatarini. (Nanakili daftari hili baada ya muda, kwa hiyo naongeza: mwaka 2021 zabuni ilitangazwa tena na kelele zikaanza upya.)

Kupanda kurudi barabarani ni kazi. Nilipumzika mara tatu. Yeye hakupumzika.

Alhamisi, 7 Februari

Leo nimealikwa chakula cha mchana kwa baba yake. Nyumba yao iko upande wa mashariki wa mji. Kutoka hapo hadi Lifta hazifiki kilomita tano. Mzee ana miaka 80. Nimemwita Ami, naye akaniita mwanangu, na kwa kuwa neno hilo la Ami ni letu pia sikuona kama nazungumza lugha ya watu.

Nilijiandaa kuonyeshwa ufunguo. Kila anayesimulia habari za Wapalestina huonyesha ufunguo. Ami hana, anasema mlango wao ulikuwa haufungwi, ulikuwa na komeo la ndani. Alicho nacho ni kushan, hati ya ardhi, karatasi laini iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa matundu, na imetiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa duka la viatu.

Akanieleza sheria. Mwaka 1950 Israeli ilipitisha Sheria ya Mali ya Walioghibu. Kwa Kiarabu ni *amlak al-ghaibin*, na hapo sikuhitaji mkalimani. Asiyekuwapo mahali pake kwa tarehe walizoweka wao, kwa kuwa alikimbilia upande uliokuwa chini ya Waarabu, ni ghaibu, na mali yake inakwenda kwa msimamizi wa serikali. Quds ya mashariki wakati huo ilikuwa chini ya Jordan, ndipo walipokuwa wao. Mwaka 1967 Israeli ikaitwaa na hiyo. Tangu hapo Ami analipa kodi ya jiji, anatibiwa hospitali za mji, ana kitambulisho cha Israeli cha mkazi. Ila kwa nyumba ya Lifta bado ni ghaibu.

"Sisi kwetu," nikamwambia, "ghaibu ni kama mambo ya Mwenyezi Mungu, yasiyoonekana kwa macho."

Akajipiga kifuani. "Mimi unanionaje?"

Tulicheka wote, mkewe pia, aliyekuwa ameleta khubeza ya jana. Imepikwa kwa vitunguu vingi na mafuta ya zeituni, inakamuliwa limau. Inafanana na mlenda, utelezi wake kidogo tu. Nilikula sahani mbili na kuambiwa sijala kitu.

Nilitaka kujua anakumbuka nini cha siku ya kuondoka. Alikuwa na miaka tisa. Alisitasita, akamtazama mwanawe, kisha akasema jambo ambalo nadhani si kila mgeni huambiwa.

"Nilifurahi. Sikuwa nimepanda lori maishani mwangu. Wewe dereva unajua: mtoto akipandishwa juu ya lori hujiona mfalme. Mama analia, mimi nawapungia mkono watu."

Najua. Nimewabeba.

Walidhani ni wiki mbili. Baba yake alirudi usiku mara kadhaa kuchukua unga na mafuta, kisha haikuwezekana tena. Baada ya 1967 njia ilipofunguka, Ami alimchukua mama yake wakaenda kubisha hodi. Alifungua mwanamke Myahudi wa Yemen. Aliwakaribisha kwa Kiarabu cha Yemen, akapika kahawa, akamlalamikia mama yake Ami kwamba nyumba inavuja na ngazi zimemmaliza magoti. Mama akamwonyesha mahali pa kuziba ukutani ili maji yasiingie. Wakaagana vizuri. Njiani kurudi mama hakusema neno hadi nyumbani.

Nilipokuwa nikivaa viatu Ami alimwuliza mwanawe habari ya jana. Hakuuliza nyumba. Aliuliza mtini wa kwenye ngazi.

"Upo, baba."

"Unazaa?"

"Kiangazi unazaa."

"Nani anakula?"

Mwanawe akajifanya anatafuta ufunguo wa gari.

Ijumaa, 8 Februari

Swala ya Ijumaa Masjidul Aqsa. Hiyo ina daftari lake, siichanganyi na hili.

Kabla ya magharibi, Sabato ikiwa inaanza na treni zimekwisha kusimama, tulikwenda kwa gari hadi Givat Shaul. Mwenyeji wangu hakutaka kushuka. Alisimamisha gari mbele ya ukuta wa hospitali ya wagonjwa wa akili, Kfar Shaul. Nyuma ya ukuta, katikati ya miti, unaziona nyumba za mawe zilezile za matao. Hiyo ndiyo Deir Yassin. Tarehe 9 Aprili 1948 wapiganaji wa makundi ya Kizayuni ya Irgun na Lehi waliwaua hapo zaidi ya watu 100, wanawake na watoto wamo, na habari zilipoenea vijiji vingine havikungoja kuthibitisha. Wagonjwa wanaishi ndani ya nyumba hizo tangu 1951.

Tulikaa dakika tano. Mlinzi alianza kututazama, tukaondoka.

Jumamosi, 9 Februari

Leo Maalim kaja nasi. Nilimwambia jana usiku kwamba tunakwenda Imwas na akajibu kwa usingizi, "Amwas ya tauni?" Nikasema ndiyo, nadhani. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa amevaa kanzu na koti, amekaa kitandani kunisubiri.

Hili ni la kufafanua kwa asiyelijua. Mwaka 18 Hijria, yaani 639, tauni iliingia majeshi ya Waislamu huku Sham, na imepewa jina la mahali ilipoanzia: tauni ya Amwas. Ndiyo iliyowachukua masahaba Abu Ubaida bin Jarrah na Muadh bin Jabal. Ndiyo pia aliyoikwepa khalifa Sayyidna Umar aliporudi njiani, na Abu Ubaida akamuuliza, unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibiwa kwamba ndiyo, tunakimbia kutoka kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kadari ya Mwenyezi Mungu. (Naongeza ninaponakili: wakati wa korona hapakuwa na hotuba isiyotaja kisa hiki.) Maalim alikuwa akikifundisha Pemba kwa miaka 40 bila kujua kwamba Amwas ni mahali panapofikiwa kwa gari, nusu saa kutoka Quds, karibu na monasteri ya Latrun. Wakristo nao wana haki yao hapa: wengi wanaamini ndiyo Emau ya Luka 24.

Siku hizi ni bustani ya mapumziko. Kibao kikubwa kinasema Canada Park. Ni Sabato, jua limetoka baada ya mvua, magari yamejaa, nyama zinachomwa, watoto wanaendesha baiskeli. Maalim aliuliza kijiji kiko wapi. "Umesimama sebuleni," akaambiwa.

Imwas ilidumu kuliko Lifta. Ilipita salama 1948 ikiwa upande wa Jordan. Ilipofika vita vya Juni 1967, jeshi la Israeli liliwatoa wakazi wake pamoja na wa Yalu na Beit Nuba, wakatembea kwa miguu kuelekea Ramallah, na tingatinga zikafuata. Bustani ilitengenezwa miaka ya 1970 na Mfuko wa Kitaifa wa Wayahudi kwa michango kutoka Kanada. Vibao vya hapa vinaeleza Warumi, Wayahudi wa kale, Wabizanti na Wapiganaji wa Msalaba. Waisraeli wa shirika la Zochrot walikwenda mahakamani kudai vijiji navyo vitajwe. Vibao vikawekwa, na havikudumu, kimoja kikaibwa na kingine kikafutwa maandishi.

Tulipata makaburi ya Waislamu majanini, na jengo lenye kuba: hamamu ya Kirumi ambayo baadaye ilifanywa maqamu ya kunasibishwa na Abu Ubaida. Maalim alisimama. Siku tano kabla, Jordan, kwenye Bonde la Ghor, tulikwisha kumtolea Abu Ubaida salamu kwenye kaburi jingine lenye msikiti mkubwa na maegesho ya mabasi.

"Yupi wa kweli?" nikamuuliza.

"Wewe toa salamu. Itamfika alipo."

Akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini. Nyuma yetu familia moja ilikuwa imetandika mkeka kando ya mpungate. Baba wa familia alimwona Maalim amekunja mikono, akapunguza redio. Hakujua anasomewa nani, nadhani. Alipunguza tu.

Yasini ilipoisha Maalim alizunguka peke yake akihesabu kitu kwa kidole. Alirudi na kusema ameona milozi kumi na minne imepandwa kwa mstari, na mtu hapandi milozi kwa mstari mahali asipolala. Hilo hatukulipata kwenye kibao chochote.

Jumapili, 10 Februari

Tunaondoka. Mwenyeji wangu amekuja na mfuko wa maramia na chupa ya mafuta ya zeituni iliyofungwa kwa gundi ya karatasi mara sita. Mafuta hayo ni ya Ramallah, ametahadharisha, si ya Lifta. Basi likiwa limekwisha kuwaka aliniuliza habari ya babu yangu. Lile shamba la kabla ya operesheni ni la nani sasa?

"Letu. Hatukai, lakini tunakwenda kuchuma."

"Ukienda, nipigie picha hiyo miembe."

Nilikwenda Desemba. Embe zilikuwa zinaiva, nyingine zimeanguka na nyuki juu yake. Nilipiga picha nne, mbili zikaharibika kwa jua, nikamtumia zilizobaki. Alijibu usiku: baba kaziona, anauliza nani anakula.

Nikamwandikia, sisi.

Alama za kusomwa zikatokea, mbili, za buluu. Hakuandika tena usiku ule.